Mwalimu Aliyewafumbisha Watoto Macho

Dada yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu Wingi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 katika nyumba ya mwashi, mvua ikinyesha taratibu juu ya bati. Yeye alikuwa kifungua mimba; mimi ninayesoma haya ni kitinda mimba.

Alianza shule mwaka 1961. Alipokuwa darasa la tatu aliandika “childs” badala ya “children”, yaani watoto, akachapwa mbele ya wenzake. Siku nne akagoma kurudi.

“Mwanangu, ulikosa nini?” baba alimwuliza.

“Nilifuata kanuni, baba. Neno ndilo halikufuata.”

Siku ya tano alirudi, akiapa kwamba atakuwa mwalimu asiyechapa.

Alihitimu ualimu mwaka 1975, akafundisha Kiingereza shule ya msingi kwa miaka thelathini na tisa. Fimbo hakuishika. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, “Fumbeni macho. Mnaona jani moja? Leaf. Sasa upepo unavuma, yamekuwa mengi. F imepeperuka, v imekaa mahali pake. Leaves.” Darasa lilitulia kama maji mtungini. Mkaguzi aliyekuja kumkemea kwa kulaza watoto naye alifumba macho, akaja kuamshwa na kengele.

Tarehe 18 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi aliyeshona sare za shule. Shemeji alijikaza kuandika barua ya posa kwa Kiingereza, akasema anatafuta “wifes”, yaani wake. Dada aliirudisha na wino mwekundu: “Ni wives. Lakini kwangu utosheke na umoja.”

Februari 2022 alipata kiharusi, maneno yakamkimbia. Shemeji alihamishia cherehani kando ya kitanda ili asimwache peke yake. Miezi miwili ilipita kimya. Mchana mmoja dada akafumbua kinywa: “Cherehani chako kina kelele.” Tulicheka huku tukilia.

Mwaka huu moyo ulichoka. Jumatatu jioni aliniambia, “Mdogo wangu, nimeota uwanja mweupe, hauna mwisho.”

“Uliogopa?”

“Hata. Nilikuwa natembea tu.”

Alifariki usingizini kesho yake, tarehe 10 Juni 2025, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na watu wazima wasiohesabika ambao hawakuogopa kukosea mbele yake.

Dada, tembea polepole. Upumzike kwa amani.