Sufuria Inayovuka Lualaba

Ulikuwa mwaka ule tuliokula maganda ya muhogo, kwa sababu pamba ya Wazungu ilimeza mashamba, na muhogo wenyewe ukapelekwa kwa watu waliojengeshwa barabara. Wenye umri wangu wanaukumbuka kwa tumbo. Mwaka huo mume wangu alikufa.

Wajane wenzangu, mumenisimamisha, basi nisikilizeni. Jina la mutu sitataja. Mutamujua tu.

Siku ya arobaini, watu wangali mikekani, shemeji yangu akaanza kubeba. Mutumbwi, nyavu, baiskeli, hata kitanda. Mimi akanipa njia mbili: niwe muke wake wa tatu, au nikivuna mupunga nirudi kwetu Kabambare na watoto, mikono mitupu.

Nyuma ya jiko palikuwa na mashua ya aluminiamu. Muzungu wa duka aliipasua kwenye mawe ya muto, akamwachia mume wangu. Tumbo limebonyea, matobo kila mahali, kuku wanataga ndani. Shemeji akaipiga teke.

"Hii nayo? Ni sufuria iliyotoboka! Sufuria ni chombo cha mwanamuke. Mwachieni apikie."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, meno tu. Neno lile nililifunga kwenye ncha ya kikwembe changu cha kiunoni, kama pesa.

Nikamwita fundi wa sokoni, yule anayeziba masufuria. Akachungulia.

"Mama, hii utapikia kijiji kizima?"

"Nitapikia mutu mumoja tu."

Kwanza tulipiga misumari ya chuma. Kosa! Chuma ilishika kutu, ikala aluminiamu, matobo yakawa makubwa kuliko mwanzo. Fundi akasema aluminiamu inataka aluminiamu mwenzake. Tuitoe wapi? Jikoni kwangu. Nilileta masufuria yangu yote, hata ile kubwa ya arusi. Tukayakata viraka, na masikio yake tukayachonga misumari. Pale palipobonyea tulipanyoosha kwa nyundo ya mti, chini gunia la muchanga. Chini ya kila kiraka, kitambaa cha lami. Wifi yangu, dada yake shemeji yule yule, alishikilia kichwa cha shoka kwa nje, mimi nikagonga kwa ndani. Kila pigo niliona uso wa kaka yake. Musinikunjie uso, ndugu zangu, ndivyo nilivyogonga sawasawa. Nyumbani tulipikia chungu.

Ikaelea. Nikaanza kuvusha wanawake na mupunga wao kwenda soko la Kasongo. Shemeji akasikia, akaleta wazee wa tribinali, wale wanaokata kesi, pale bandarini.

"Mashua ya kaka yangu ni urithi wangu."

"Mashua ipi?" nikamwuliza. "Kaka yako aliniachia sufuria."

Wifi akasimama. "Nilikuwepo, kaka. Ulisema mwenyewe, na teke juu."

"Nilikuwa natania!"

Muzee wa tribinali akainama ndani, akapitisha kidole kwenye kiraka cha sufuria ya arusi. Kidole kikatoka na masizi. Akamwonyesha.

"Kwetu shemeji harithi vyombo vya jikoni. Nenda."

Kabambare sikurudi. Mutumbwi wake ukaoza, maana kuchukua anajua, kutunza hajui. Siku moja ya soko alisimama juani na magunia, wanaume wenzake wamekwisha kukaa ndani ya mashua yangu.

"Shemeji, nafasi iko?"

"Iko. Lakini sufuria ni chombo cha mwanamuke, shemeji. Wewe hupandi."

Walicheka mpaka maji yakaingia.

Nawashukuru fundi, wifi, na muzee wa kidole cheusi. Mutu akikunyang'anya, mama, usilie kwa sauti, utashindwa kumusikia anachosema. Sikia vizuri. Ukiweke. Kitakufaa.

Sasa najua kwa nini leo mumenipa kiti cha mbele. Shemeji amewatuma. Amezeeka, mujukuu anaoa ng'ambo ya muto, na mitumbwi mingine iko tele, ila anataka kushuka kutoka kwenye mashua yangu, arusi nzima iseme yamekwisha. Munaniambia nisamehe, munanikumbusha Mungu. Mungu nitaongea naye mwenyewe.

Mupelekeeni jibu, musipunguze neno: sufuria ni chombo cha mwanamuke, shemeji. Wewe hupandi.