Kuruka Saa Saba, Kutua Saa Saba

Ndani ya basi la kupeleka abiria kwenye ndege, mshonaji alikuwa amelipakata gauni la harusi la mdogo wake kama mgonjwa mahututi. "Kaka," alimwuliza fundi bomba aliyeketi kando yake, "tiketi inasema tunaruka saa saba, tunatua saa saba. Hicho kisiwa kiko mbali, au tumeshafika?"

"Ni mwendo wa saa nzima, dada. Ila saa za kule ziko nyuma yetu kwa saa moja."

"Nani kazirudisha?"

"Jua." Jua halikuwemo ndani ya basi kujitetea.

"Mdogo wangu kasema ndoa ni saa nane. Ya kwao au ya kwetu?"

"Ikiwa ya kwao, una saa nzima ya kumvisha. Ikiwa ya kwetu, tukitua tu, anaolewa."

"Aliniambia kabla hajasafiri, tukiwa huku nyumbani. Sasa simu kaizima, anarembwa."

"Mh! Hapo hata mimi nimepotea."

Basi likasimama. Mshonaji akalikumbatia gauni, akawapiga watu vikumbo na kukimbilia ngazi za ndege, kana kwamba atakayetangulia kuketi ndiye atakayetangulia kufika. Fundi bomba, ambaye hakuwa na harusi yoyote, akamfuata mbio.