Jina Chini ya Benchi

— Wewe ukimkanyaga mtu mguu, unaangalia nini kwanza: uso wake au kiatu chako?

Muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili alimtupia Seremala swali hilo kabla hata hajakaa vizuri. Muuguzi ndiyo kwanza alikuwa amefika kijiweni, kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha Kinyozi, kumsalimia dada yake, Dobi, akakuta ubishi umeshachemka kuliko kahawa.

Aliyeuanzisha ni Kinyozi, anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kusema hajui. Alishikilia kwamba mnarsisi, yule anayejipenda kupindukia, na saikopathi, yule asiye na huruma, ni mtu yuleyule, ila mmoja kavaa tai. Dobi akakataa katakata: mashati humwambia yote, mnarsisi hurudisha shati mara tatu kwa ajili ya kola, na saikopathi hatoki jasho kabisa. Profesa akapanda juu zaidi. Kisogo cha saikopathi, alisema, ni cha baridi mpaka wembe unaingia kutu.

— Wembe wako una kutu kwa sababu huufuti, Profesa, akasema Dobi.

Muuguzi alicheka, kisha akawaeleza taratibu.

— Mnarsisi anaishi kwa macho ya watu. Ukigusa sifa zake anaumia kweli. Saikopathi hana haja na makofi yenu. Woga wake mdogo, majuto hana. Atakutazama unalia kama anayetazama mvua dirishani.

— Sasa wanakutana wapi? akauliza Dobi.

— Kwenye maumivu yako. Wote wawili hawayapimi. Na wapo wenye tabia zote mbili. Lakini kosa moja halimfanyi mtu awe hivyo; sisi wenyewe hatuyatamki majina hayo haraka.

Seremala alihisi vinyweleo vikimsimama. Kumbe moyo wa mtu una vyumba namna hiyo, na kuna watu wameingia humo na taa, wakatoka na kusimulia walichokiona.

Muuguzi akapapasa ubao.

— Benchi zuri hili. Kaliunda nani?

Profesa na Dobi wakamnyooshea kidole Seremala. Miaka minane walikuwa wakimsifu kwa benchi hilo, ndilo lililompatia kazi ya viti vya shule nzima, mwaka uleule mdogo wake alipoacha ufundi na kuhama bila kuaga.

Seremala akazitazama nyuso zao, aone kama sifa bado zipo. Akajishtukia. Alikuwa anaangalia kiatu chake, si uso wa aliyemkanyaga.

— Muuguzi, akauliza, asiye na majuto huwa anajua kwamba hana?

— Akijua, halimsumbui. Wewe linakusumbua?

Akainama, akapitisha kidole chini ya ubao, pale palipo laini kuliko kwingine.

— Aliliunda mdogo wangu, akasema. Alichonga jina lake hapa chini. Nikalifuta kwa msasa, mimi, kwa mkono wangu huu.