Dawa Aliyomnyima Mama Yake: Wasifu wa Marehemu Dkt. Zuwena Salumu Mbonde

Marehemu Zuwena alizaliwa hapa Kinjumbi tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Salumu Mbonde na marehemu Bi Mwanaidi Hussen.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Kilwa Masoko, kisha kemia Dar es Salaam, akahitimu mwaka 2006. Mwaka 2009 aliolewa na Bwana Saad Huseni, wakajaliwa Fauzia na Tawakali.

Mwaka 2014 alirejea kutoka India na shahada ya uzamivu. Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja: kuifungasha dawa ya saratani ndani ya chembe za nano, ndogo kiasi kwamba unywele mbele yake ni gogo, ili dawa iupige uvimbe na kuziacha sehemu zilizo nzima. Mama yake hakuacha kumtania. "Samaki namwona, korosho naiona. Wewe mwenzetu kazi yako haionekani!" Zuwena alicheka kuliko wote.

Mwaka 2018 Bi Mwanaidi alipata saratani ya titi. Dawa za hospitali zilimtesa, akamwomba binti yake ile ya chembe. Ilikuwa imejaribiwa kwa panya tu. Zuwena alikataa. "Mama, sijui itakuponya au itakuua."

Bi Mwanaidi alifariki Februari 2019. Mdogo wake, Mzee Amiri, alitamka mbele ya watu matangani kwamba mpwa wake ana roho ya jiwe. Kuanzia siku hiyo hakuitikia shikamoo yake. Kila Idi Zuwena alikuja, akaamkia, mzee akageukia pembeni. Jambo hilo lilimuumiza sana.

Agosti 2024 ugonjwa uleule ulimkuta yeye. Alipozidiwa, Mzee Amiri alimfuata kwake Kilwa Masoko.

"Dawa si unayo? Jipe, mwanangu!"

"Bado haijaruhusiwa kwa watu, mjomba. Nikijipa leo, mama nitamwambia nini?"

Mzee alilia, wala hakujificha.

"Marahaba," akasema. "Na zile zote ulizoniamkia, marahaba."

Zuwena alifariki jana, Jumatatu tarehe 14 Julai 2025. Dawa bado iko maabara, na wenzake wanaendelea nayo.

Ameacha mume, watoto wawili, mdogo wake Mastura, na mjomba wake Mzee Amiri, aliyeomba yeye ndiye ashuke kaburini kumpokea.

Mwenyezi Mungu ampe makazi mema, yeye na mama yake.