Dakika Arobaini na Moja za Aloysius Katende

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 2017, Aloysius Katende anatimiza miaka sitini ya umri na ishirini na mitatu ya kulitumikia shirika letu, na kwa kanuni zetu hatarusha tena ndege yetu hata moja. Alianza Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1994, akahamia nasi Juba mwaka 2005, na tangu siku hiyo amepanga vyumba vilevile viwili mtaa wa Hai Mauna, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Mimi ni Edrine Wasswa, niliyeruka naye kama msaidizi wake, na tangu Januari ni rubani mkuu. Kwa sherehe ya leo ya kumuaga, jarida letu la shirika limeniomba maneno ya furaha yasiyozidi kurasa mbili. Kurasa nitazichunga. Furaha siahidi.

Vijana wanaofika ofisini na leseni mpya huuliza swali moja: rubani hulipwa ngapi? Wameona shati jeupe na miwani ya jua, basi wameshajenga ghorofa kichwani. Jibu analo Mzee Katende. Baba yake aliuza ekari nne za kahawa huko Masaka ili mwana asomee urubani Soroti. Alitoka na saa mia mbili za kuruka, akakuta hakuna anayemtaka mtu wa saa mia mbili. Akapima mizigo Entebbe akingoja kiti, na alikingoja kwa miaka. Huko Lokichoggio alilipwa kwa saa aliyoruka. Mvua ikinyesha ndege ikalala, na mfuko nao ulilala. Hapa Juba rubani msaidizi, anayekaa kiti cha kulia, alipata dola elfu moja na mia nane kwa mwezi. Kapteni, wa kiti cha kushoto, alipata elfu nne na mia tano. Kati ya viti hivyo viwili panapita mkono tu, na yeye alichukua miaka kumi na saba kuvuka.

Kilichomchelewesha ni mizani. Ile kazi ya Entebbe haikumtoka. Kila safari alibeba mizani yake ndogo ya kusimama, na hakuna aliyepanda ndege bila kuikanyaga, awe mkulima au mheshimiwa. Afisa mmoja mwenye kitambi aliwahi kukataa mbele ya walinzi wake. Aloysius akavua viatu, akapanda yeye kwanza, akasoma kilo zake kwa sauti, akaongeza kwamba mkewe Teopista anazijua na bado hajamwacha. Afisa akacheka, akapanda. Ruqiyo, mama wa Kisomali aliyekuwa akisafirisha sukari na sisi kila wiki, alilalamika hadi akachoka. "Kapteni, hiyo mizani yako ni mchoyo kuliko mimi," alimwambia, "na mimi watoto wangu wananiogopa." Alimwita Kapteni wakati huo akiwa bado msaidizi. Sisi tulicheka, yeye hakucheka.

Ofisini hawakucheka pia. Mwaka 2008 alikataa kuruka na mapipa manne ya mafuta yaliyozidi, mteja akaenda kwa wengine, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Mwaka uliofuata alikataa tena, likaondolewa tena. Vijana aliowafundisha kutua kwenye matope walimpita, wakawa wanampa amri. Aliitikia ndiyo Kapteni, akawaonyesha wanapokosea, kwa adabu iliyowaumiza zaidi kuliko matusi.

Ulipokuja uhuru wa Sudan Kusini mwaka 2011, kila mtu alitaka kuruka: wajumbe, wafanyabiashara, watu waliokuwa wakirudi makwao baada ya miaka ishirini. Shirika lilinunua ndege mbili na makapteni hawakutosha, kwa hiyo Agosti mwaka huo Aloysius akapewa mistari minne ya bega, ya kapteni. Natalina anayetuuzia chai nje ya uwanja wa ndege alimmiminia vikombe vitatu akakataa malipo. "Wallahi, yaa Kapteni," alimwambia, "leo chai ni ya serikali mpya." Miaka miwili iliyofuata alijenga Masaka. Msingi, kuta, hadi linta juu ya madirisha. Alitembea na picha ya hizo kuta kwenye pochi, mahali ambapo wengine huweka picha ya mtoto.

Kisha ikaja Desemba 2013, na hapa ndipo maneno ya furaha yananiishia.

Siku ya nne ya vita vya wenyewe kwa wenyewe tulitumwa kwenye kiwanja cha vumbi jimbo la Jonglei kuwachukua wafanyakazi kumi na saba wa misaada. Ndege yetu ina viti kumi na tisa. Tulipotua tulikuta hao kumi na saba, na nyuma yao watu wa mji. Risasi zilikuwa zikisikika upande wa mto. Nyaruot, karani wa kile kiwanja, aliyetupokea pale kwa miaka sita, alikuwa amewapanga watu kwenye mstari kama siku zote, akisubiri mizani ishushwe. Aloysius aliitazama mizani, akaiacha ilipo. Akatupa nje mabegi yote, akatoka na kikokotoo chake, akahesabu mafuta yaliyobaki na urefu wa njia. Akaniambia ishirini na wanne, asiongezeke hata mmoja, akaenda kuwasha injini.

Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Ishirini na wanne walipoingia nilivuta mwingine, halafu mwingine. Nyaruot alinipandishia watoto wake wawili, mmoja kila mkono. Nilivuta saba. Aloysius alipogeuka akaona ndege ilivyojaa, aliwahesabu kwa kidole, taratibu, hadi thelathini na mmoja. Hakunigombeza. Aliniambia nifunge mlango. Nyaruot aliusukuma kutoka nje, maana ule mlango ulikuwa mgumu na yeye alijua. Tulimaliza njia yote ya kurukia, na nyasi za mwisho ziligonga magurudumu. Dakika arobaini na moja baadaye tulikuwa Juba, wote wazima.

Tuliposimama akachukua karatasi ya uzito. Ile karatasi ni kiapo cha kapteni: idadi, kilo, sahihi. Nilimsihi. "Mzee, andika kumi na tisa. Nani atawahesabu?"

"Mimi nimeshawahesabu," akasema, akaandika thelathini na mmoja.

Bima walipoiona walitaka mtu wa kulaumiwa. Mwezi Januari 2014 menejimenti iliniita kuuliza kama nilishiriki uamuzi ule. Nikajibu kwamba sikuulizwa. Ni kweli, hakuna aliyeniuliza kama niwavute wale saba. Nilisema hivyo nikijua kapteni atasikia, na alisikia, akaibeba lawama yote. Akavuliwa mistari, akarudishwa kiti cha kulia kwa mshahara wa kulia. Kiti cha kushoto kilibaki wazi, na Machi nikakikalia mimi. Kwa miaka mitatu mtu aliyenifundisha kazi ameniitikia ndiyo Kapteni, na mara moja tu aliniambia neno kuhusu siku ile. Tulikuwa tunapita juu ya kile kiwanja, kimeota nyasi. "Edrine," akasema, "wewe ulikosea hesabu. Mimi pia. Tungeweza kubeba thelathini na watatu." Sijawahi kulala vizuri baada ya sentensi hiyo.

Watoto wa Nyaruot walifikishwa kwa shangazi yao kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nyaruot hatujamsikia. Kila tulipotua mahali papya Aloysius alimuulizia, kwa Kiarabu chake kibovu cha Juba, kwa wapagazi, kwa wauza chai, hadi watu wakadhani anadaiwa na yule mama.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu amechumia juani miaka yote, na kivuli chake bado hakijaezekwa: zile kuta za Masaka ziko kwenye linta tangu 2013, na mgomba wa jirani umezipita kwa urefu. Kiinua mgongo chake kimepigwa hesabu ya rubani msaidizi, kwa kuwa ndicho cheo anachoondoka nacho. Hata kwenye karatasi ya ratiba ya sherehe hii ameandikwa hivyo. Basi naiandikia menejimenti hapa, mbele ya wafanyakazi wote: saba kati ya wale thelathini na mmoja niliwavuta mimi, kinyume cha amri ya kapteni, na nilipoulizwa nilijificha nyuma ya neno sikuulizwa. Barua yenye maelezo kamili iko mezani kwenu tangu asubuhi. Mkiona inafaa kuvua mistari ya mtu, mnajua mabega yalipo. Yeye mlipeni kiinua mgongo cha kiti cha kushoto.

Kwa desturi yetu rubani anayeondoka huleta daftari lake la saa, na rubani mkuu hukagua kwamba kila mstari umetiwa sahihi. Jumanne Aloysius aliniletea lake. Saa elfu kumi na moja na mia nne, mwandiko mmoja, hakuna palipofutwa. Nikafika ukurasa wa Desemba 2013, nikakuta mstari mmoja usio na sahihi. Aliyekuwa rubani mkuu wakati ule alikataa kuutia, akisema safari isiyo halali haina saa. Dakika arobaini na moja. Kwenye safu ya maelezo, ambapo sisi wengine huandika mvua au upepo, Aloysius alikuwa ameandika: Abiria 31. Waliobaki 43.

Sikuwahi kujua kwamba aliwahesabu na hao.

Nimeutia sahihi, nikaweka tarehe ya leo. Hautamwongezea shilingi, wala hautaezeka nyumba, wala hautamrudisha aliyesukuma mlango. Lakini sasa saa zako zimetimia, Mzee wangu, na hakuna ofisi itakayoziondoa. Asante kwa kutupima sote kwa haki. Mpe salamu Teopista, pumzika Masaka, na Mungu akujalie siku njema chini ya paa lako mwenyewe, Kapteni.