Vitabu vya Chumba cha Nyuma

Sogeeni wanangu, Yolande na wewe Fénelon, maana pumzi zinaniishia na shangazi yenu hawezi tena kupaza sauti. Nyumba hii ya hapa Jacmel, Haiti, ni yenu, na mashine ya kuchapia ni yenu, lakini kwanza mjue yaliyotupata mimi na kaka yangu Dieuveille, baba yenu.

Baada ya vita vile vya kwanza vya dunia, Wamarekani wakiwa wameikalia nchi yetu, sisi tulichapa mashairi yaliyokataliwa mji mkuu, hata ya Kikrioli, lugha yetu ya nyumbani, na watu wakatucheka: "Kesho mtawachapia kuku!" Dieuveille akachapa shairi lake juu ya wakulima waliofungwa kamba wakachimbishwe barabara. Askari wakaja asubuhi, wakamchukua, wakazimwaga njiani herufi zetu za risasi za kuchapia. Nilipiga magoti nikaziokota mojamoja, na majirani niliowachapia kadi za harusi wakanichungulia nyuma ya mapazia, asitoke hata mmoja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na siku ile nilijua sina. Baba yenu alirudi kutoka gerezani na kikohozi, nacho ndicho kilichomzika.

Yuko pia Théogène, mshairi tuliyemchapia kitabu chake cha kwanza huku akila mezani petu. Alipopata jina alipita hapa na wageni wake, nami nimesimama mlangoni nimevaa gauni langu zuri. Wakamwuliza, "Nani huyo?"

"Aa, mama mmoja tu, huchapa kadi za mazishi."

Nikamjibu, "Kweli, kaka, na yako nimeshaipanga. Imebaki tarehe tu."

Wakacheka wote isipokuwa yeye. Kisha nikaingia ndani, nikalia. Kinyongo hicho msikirithi. Niachieni niende nacho.

Mashairi ya baba yenu niliyapanga na kuyachapa peke yangu. Vita vya pili vya dunia vikaanza, hakuna aliyenunua. Vitabu vimejaa chumba cha nyuma, nami miaka yote nimevisoma kwa sauti, angalau nyumba isikie mtu.

Fénelon, umesema mtanizika navyo. Usithubutu! Vimekaa na mimi vya kutosha. Vipelekeni sokoni, mgawe bure. Na atakayezichana kurasa afungie karanga mwacheni, huenda akasoma mstari mmoja huku akitafuna.

Mungu awape watu, wanangu... watu wa kuwabishia hodi. Yolande, chukua kimoja. Ukurasa wowote. Soma wewe... leo nataka kusikiliza.