Mkate Usiotiwa Chumvi

Sogeeni, Abanubi na Irini, sogeeni kabla kifua hiki hakijanikatalia. Haya ninayosema sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, nikaona kwa macho yangu mawili, ingawa moja lilikuwa limejaa unga. Shule niliiacha darasa la pili, lakini kwa kuoka mkate wa misa hakuna Mkristo wa Kikopti kutoka hapa mpaka Kairo aliyenifikia, na anayebisha aje abishe sasa hivi, maana kesho huenda nisiwepo kumjibu.

Jumapili ile nyinyi mlikuwa kwa bibi yenu. Kibali cha kanisa serikali ilikuwa imetunyima tena, kwa hiyo watu walisali humu mwetu, ghorofani, nami huku chini naoka, nimefunga kula, naimba zaburi, napiga muhuri wa misalaba juu ya kila mkate. Mara Hamdani, yule muuza maharage, akaingia na kundi lake, marungu mkononi na debe la mafuta ya taa.

"We Wadii, hapa ni nyumba au kanisa?"

"Nyumba," nikasema, "naoka mikate ya wageni."

Akachukua mmoja wa moto, akaung'ata, akatafuna, akanitazama. "Mbona hauna chumvi?"

Wanangu, mkate wetu wa misa hautiwi chumvi, na hilo kila jirani analijua. Nilikuwa nafungua kinywa niseme chumvi imetuishia, ndipo marehemu mama yenu, Demiana, akatoka nyuma ya tanuri, akapandisha mkono wa gauni, akamwekea usoni ule msalaba aliochanjwa kwa wino kwenye kifundo cha mkono tangu utotoni, kama sisi sote. "Chumvi ipo, Hamdani, mtungi mzima. Mkate huo ni wa kanisa, na hapa ni kanisa. Ukitaka kuwasha moto anza na mimi, maana ngazi ya kwenda juu iko nyuma yangu."

Mara Mama Sabri, jirani yetu, Mwislamu mwenzao, akapaza sauti darini kwake: "Hamdani wee! Umekwenda kuchoma watu ukaanza kwa kustaftahi? Mwanao alipougua surua nani alimkanda, si huyo Demiana? Toka humo kabla sijakushukia na kandambili!"

Mmoja wao akacheka, wa pili akacheka, na watu wakishacheka marungu huwa mazito. Walivunja madirisha, wakachoma mkokoteni wangu, wakaenda zao, na huko juu padri hakuikatiza misa hata kidogo. Hamdani alipofika mlangoni akageuka, akaomba mkate wa pili.

Baadaye polisi wakautia lakiri mlango wa ghorofani, tukawa tunasali mashambani na makaburini kama watu walioiba. Juzi kibali kimetoka, lakiri imebanduliwa, na jana nimeisikia kengele nikiwa hapa kitandani. Nililia, Irini aliniona, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Basi sikilizeni. Ghorofa ni ya kanisa. Vyumba vya nyuma ni vya Irini na wanawe, asitokee wa kuwatoa. Ugomvi wa mfereji na baba yenu mdogo Girgisi nimeumaliza. Apitishe maji, msiurithi. Tanuri ni lako, Abanubi. Najua ulitaka tuuze tukufuate Kairo, na najua kwa nini saa yako ina mkanda mpana hivyo. Sikulaumu, mwanangu, huko kazini kwenu wanatazama vifundo vya watu. Lakini Jumapili hii ni misa yetu ya kwanza isiyo ya kujificha, na mkate hauna mwokaji. Nikifa bila kumjua, nitakufa vibaya.

Unafanya nini? Irini, anaivua saa, au ni macho yangu? ... Iweke hapo dirishani. Ah. Msalaba wako haujafifia hata kidogo. Sasa napumua.

Funga kula tangu jioni. Unga upepete vizuri. Zaburi uimbe, hata kwa hiyo sauti yako mbaya. Chumvi usitie, waje wasije. Mimi mnilaze ubavuni kwa Demiana... nisimzibie njia, hapendi. Bwana awafunike, awape mikono isiyotetemeka, na watoto wenu wasali milango ikiwa wazi.

Maji kidogo... basi, yatosha.

Lile la Hamdani... mkate wa pili hakuomba. Hilo nililitia mimi. Hata ule wa kwanza aliutema. Lakini nimelisimulia miaka yote nikimwombea aje aombe kweli... Akipita Jumapili, Abanubi... mpe wa moto.